Meja Aliyelala Nunhead

Nasim alijua mambo yameharibika pale ami yake alipokiacha kikombe cha kahawa kipoe bila kukigusa.

Flati ya Bibi ilikuwa juu ya duka la manukato la Ami Msabaha, Edgware Road, na Jumamosi ile ilinukia udi kiasi cha kuwasha macho. Bibi alikuwa ameufukiza tangu asubuhi. Nasim alijidanganya kwamba udi ule ulikuwa wa kumkaribisha mgeni. Sasa alimtazama bibi yake, Bi Batuli, aliyeketi wima kwenye kiti chake cha dirishani na buibui lake jeusi mabegani, akaona kwamba mama wa watu alikuwa amejipamba kama anayekwenda kutoa hukumu.

Mgeni mwenyewe alikuwa kwenye kochi la chini, magoti yamemfika kifuani kwa urefu wake. Aliitwa Wendell Haskins. Alikuwa Mmarekani wa Vermont, mwenye mikono mikubwa yenye makovu ya patasi na miwani nene ya rangi ya chai, kwa kuwa macho yake hayakuweza kustahimili mwanga. Koti alilovaa lilikuwa la kuazima. Nasim alijua hivyo, na kwa kujua hivyo moyo wake ulizidi kumuuma kwa mapenzi.

"Kazi yako ni nini tena?" Ami Msabaha aliuliza, ingawa alikuwa ameshajibiwa.

"Mimi fundi seremala, Ami. Natengeneza vitu vya maigizo, vya jukwaani. Milango ya uongo. Madirisha ya uongo."

"Milango ya uongo," Ami alirudia polepole, akimgeukia mama yake. "Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

"Na dini?"

"Nimesilimu Ramadhani iliyopita."

"Kwa ajili ya msichana."

Wendell alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na Nasim alikuwa amempendea hilo kabla ya mengine yote. "Kwanza, ndiyo, kwa ajili ya msichana," alisema. "Halafu nikaanza kusali peke yangu, hata siku Nasim hayupo. Sasa si kwa ajili ya msichana tu."

Lilikuwa jibu zuri, na Nasim aliona ami yake ameusikia uzuri wake, japo hakutaka. Ami Msabaha hakuwa mtu mbaya. Tangu baba yake Nasim afariki, yeye ndiye aliyekuwa walii wake, mwenye haki ya kumwozesha, yeye ndiye aliyemlipia masomo hadi akawa mfamasia, na siku alipohitimu alilia mbele za watu bila haya.

"Mama, useme wewe," Ami alisema.

Bibi hakuchelewa. "Hapana."

"Bibi!" Nasim alisimama.

"Kaa chini. Hapana, mjukuu wangu. Angekuwa Mswidi, angekuwa Mchina, tungezungumza. Huyu ni Mmarekani. Katika nyumba hii Mmarekani haoi."

"Kwani Wamarekani wamekukosea nini, Bibi? Hata hujawahi kufika kwao."

"Wao ndio waliofika kwetu."

Nasim hakuelewa. Alimtupia Wendell jicho, naye Wendell, ambaye Kiswahili cha haraka kilimpita, alimrudishia tabasamu la kumtia moyo. Tabasamu lile lilikaribia kumliza. Alikumbuka siku ya kwanza kumwona, kwenye mkahawa wa Walebanoni mtaa huohuo, akizunguka meza hadi meza na simu mkononi. Alikuwa akionyesha watu picha ya jiwe la kaburi. Mhudumu alilitazama, akatikisa kichwa: herufi zetu, maneno si yetu. Ndipo Nasim alipoinyoosha shingo. Chini ya maandishi ya Kiingereza palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu, na chini ya mstari huo jiwe lilikuwa limezama ardhini. Bibi alikuwa amemfundisha tangu utotoni kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo, Kiswahili cha pwani ya kaskazini, cha wazee. Akasoma kwa sauti, pale pale, mbele ya mtu asiyemjua: *Ningali ndiani*. Bado niko njiani.

Wendell alimwambia aliyelala chini ya jiwe lile ni jamaa yake wa zamani, Meja Thaddeus Orcutt, ofisa wa jeshi la Marekani. Alipigana katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kisha, kama maofisa wengine wa enzi zile waliokosa vita nyumbani, akaenda kumtumikia Khedive, mtawala wa Misri. Alifia London, mgonjwa, akiuguzwa na dada yake Lydia. Kwao ilisemwa kwamba hakuwahi kuoa wala kuzaa, na kwamba maneno yale ya jiweni ni dua ya Kimisri. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa ni Kiswahili.

Mazungumzo ya siku ile yaliendelea hadi mkahawa ukafungwa. Nasim hakuwahi kumsimulia Bibi. Angeanzaje kusema nimekutana na mwanamume mkahawani tukazungumza habari za makaburi?

"Waliofika kwetu kina nani, Bibi?" aliuliza sasa.

Bi Batuli alimtazama mwanawe, naye Ami Msabaha akainamisha kichwa. Yeye naye, ilionekana, hakuwa akijua.

"Mnayaona macho haya?" Bibi alisema, akijigusa chini ya jicho. Macho yake yalikuwa ya kijivu yaliyochanganyika na kijani, macho ya paka kama wasemavyo watu. Marehemu baba yake Nasim naye alikuwa nayo. "Mmeambiwa yametoka kwa Mturuki."

"Mturuki wa Misri," Ami alisema. "Babu wa mababu."

"Hakuwa Mturuki. Alivaa tarbushi nyekundu kwa kuwa alikuja na jeshi la Misri, na watu wa Barawa, mji wetu wa zamani, wakamwita Mturuki, nasi tukaliacha jina hilo likae kwa sababu lilikuwa na aibu ndogo kuliko ukweli. Alikuwa Mmarekani. Homa ilimshika, wenzake wakapanda meli yao wakamwacha, wakijua atakufa. Mwana Tima binti Aweis ndiye aliyemuuguza. Akapona. Akasilimu, kama huyu wako. Akamwoa. Akajifunza kusema kama sisi na kuandika kama sisi. Halafu siku moja akasema anakwenda Misri kuomba ruhusa ya kuliacha jeshi, na akishapewa atarudi. Mwana Tima alikuwa na mimba."

"Hakurudi," Nasim alisema kwa sauti ndogo.

"Hakurudi. Na yule mwanamke, posa zilimjia, tena za watu wa maana, akazikataa zote. Kila Ijumaa alizitoa buti za mumewe sandukuni akazipaka mafuta zisipasuke. Ati akirudi azikute laini. Mji mzima ulimwita Mke wa Buti. Mtoto alipozaliwa akaitwa Mtoto wa Buti, na mtoto huyo ndiye Ruweya, bibi yangu mimi, aliyenilea." "Amekufa mikononi mwangu Mombasa, mzee, hana meno, na bado jina hilo lilikuwa linamchoma. Aliniambia, Batuli, baba yangu hakujua hata jina langu. Basi na mimi nikaapa. Damu ile ikija tena mlangoni kwangu, siifungulii."

Chini barabarani basi lilipiga honi.

Wendell alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika maneno machache tu, lakini Nasim alimwona usoni kwamba yale machache yalimtosha.

"Bibi," alisema. "Samahani. Huyo mwanamume. Jina lake nani?"

"Ya nini?"

"Tafadhali, Bibi. Jina."

"Bibi yangu alimwita Okati. Meja Okati."

Wendell alimgeukia akaanza kusema Kiingereza, haraka, kama mtu anayekimbia, naye Nasim akawa anatafsiri huku midomo yake mwenyewe ikimwia mizito: kwamba jina hilo ni Orcutt, kwamba kaburi lake liko London hiihii, kwamba dada yake, Lydia, alikuwa mama wa babu ya baba yake Wendell.

Ami Msabaha alipiga goti lake kwa kiganja. "Huu mchezo. Nasim, umempa habari za ukoo, naye kajitia ndani."

"Ningempaje habari nisizozijua? Wewe ulizijua, Ami?"

Ami akakitazama kikombe chake kilichopoa.

Bibi alikuwa ameshuka kitini. Alivuka chumba kwa hatua zake za magoti mabovu, akasimama mbele ya Mmarekani yule, akainua uso. "Vua miwani," alisema.

Wendell hakuelewa.

"Miwani," Nasim alinong'ona. "Vua."

Akaivua. Akapepesa macho kwa ukali wa mwanga wa dirishani, machozi ya mwanga yakimjaa, lakini hakuyafumba. Nasim alikuwa ameyaona macho yale mara nyingi, akiyaona ni macho ya Wendell tu, macho anayoyapenda. Sasa, yakiwa kiganja kimoja tu mbali na ya Bibi, aliona kitu kilichomfanya ashike mgongo wa kiti. Ilikuwa rangi ileile ya kijivu. Kijani kilekile kilikuwa kimezunguka mboni kama pete, na jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, kama la Bibi, kama la baba.

"Subhanallah," Ami Msabaha alisema chini kwa chini.

Bibi akavuta buibui lake vizuri kichwani. "Nipelekeni," alisema. "Sasa hivi."

*

Walikwenda na gari la duka la Ami, wakavuka mto, wakashuka kusini hadi Peckham. Walipopita maduka ya Waafrika, penye ndizi za kupika na mihogo iliyopangwa barabarani, Bibi aligonga kioo kwa kidole.

"Hapa ndipo ninaponunua muhogo," alisema. "Kila mwezi, tangu tuje nchi hii. Bado mbali?"

"Hapo tu, Bibi," Wendell alijibu. "Nunhead. Karibu sana."

"Karibu sana," Bibi alirudia, akayageuzia macho yake dirishani.

Makaburi ya Nunhead yalikuwa ya zamani, na miti ilikuwa imeyameza. Mimea ya kutambaa ilipanda juu ya malaika wa mawe ikawaziba nyuso. Palikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi, na mahali fulani penye mwanya wa matawi Nasim aliuona mji wote kwa mbali, na kuba kubwa la kanisa la Mtakatifu Paulo likielea kwenye ukungu. Kila Jumapili Wendell alikuja hapa pamoja na watu wengine wa kujitolea kusafisha makaburi yaliyosahauliwa, na alikuwa amepewa ruhusa ya kulifukua jiwe la jamaa yake. Alimwambia Nasim sasa, kwa aibu, kwamba alikuwa akingoja wafunge uchumba kwanza, walifukue pamoja. Alikwenda kwenye banda la zana akarudi na mwiko na sepetu ndogo.

Kaburi lilikuwa pembeni, chini ya mti mnene. Jiwe lilikuwa limezama kwa upande, kama mtu aliyelala na shuka hadi kifuani. *Meja Thaddeus Orcutt, wa Jeshi la Marekani.* Halafu mstari ule.

Bibi aliinama. Nasim alimshika kiwiko. Kidole cha Bibi kilipita juu ya herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, na midomo yake ikafuata.

"Ningali ndiani," alisoma. "Ndiani. Hivi ndivyo alivyokuwa akisema bibi yangu."

"Maneno haya anaweza kuyaandika yeyote, Mama," Ami Msabaha alisema, lakini sauti yake haikuwa tena na nguvu. "Pwani ni kubwa."

"Basi chimba tuone."

Wendell alipiga magoti akaanza kuuondoa udongo taratibu, kama anayemfunua mgonjwa. Mizizi ilikuwa mingi. Ami alisimama na mikono nyuma, kofia yake nyeupe ikimetameta chini ya miti. Alitazama kidogo. Kisha akavua koti, akamkabidhi Nasim, akapiga magoti upande wa pili na suruali yake safi, akaanza kuvuta mizizi kwa mikono mitupu. Hawakutazamana wala kusemezana, ila Nasim aliona jinsi mmoja alivyoshika mzizi mwenzake akaukata, na mwenzake alivyoushika mwingine bila kuambiwa.

Mstari wa pili ulijitokeza umejaa udongo. Wendell alimimina maji ya chupa yake juu yake, akausugua kwa kiganja.

Nasim ndiye aliyeuona kwanza.

"Soma," Bibi alisema. "Macho yangu yamejaa maji. Soma, mama."

"Mwana Tima," Nasim alisoma. "Mwana Tima binti Aweis. Mke wangu."

Ami Msabaha alikaa chini kwenye majani matupu.

"Upo mwingine," Wendell alisema. "Chini. Kuna mstari mwingine."

Walichimba wote wawili kwa pamoja sasa, mikono ikigongana. Maji yalikuwa yamekwisha. Wendell aliuvuta mkono wa shati lake chini ya koti la kuazima akaufutia jiwe hadi herufi za mwisho zikawa wazi, na Nasim akaziangalia, na kwa muda hakuamini kwamba kweli ziko pale, zimekaa gizani miaka yote hiyo zikiwa zimesema kile zinachokisema.

"Bibi," alisema. "Imeandikwa... Ruweya. Mwanangu nisomuona."

Bibi alisogea karibu na jiwe.

"Rudia," Bibi alisema.

"Ruweya, mwanangu nisomuona."

Bi Batuli alijishusha polepole hadi akakaa ukingoni mwa kaburi. Aliweka kiganja chake juu ya jina lile, akalifunika lote, kama mtu anayezuia taa isizimwe na upepo. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimshuka tu, akayaacha.

"Alijua," alisema. "Alijua jina lake. Nani alimfikishia? Mtoto alizaliwa, baba amekwisha ondoka. Nani alimwambia?"

"Hatujui, Bibi," Wendell alisema. Alikuwa akilia pia, bila kujificha. "Kwetu wanasema tu, alikuwa mgonjwa sana Misri. Alipanda meli kuja London, daktari amtibu, halafu aende. Kila siku aliuliza meli. Dada yake alifikiri ni homa, anataka kwenda nyumbani Vermont. Alimchorea dada yake herufi hizi. Akamwambia, weka. Dada hakujua kusoma. Aliweka tu. Kila herufi, sawasawa."

Nasim alitafsiri pale alipokwama, na alipomaliza alijikuta amepiga magoti naye, bega lake limegusa la Wendell. Alimwaza yule Lydia, mwanamke wa mbali, amesimama juu ya fundi wa mawe London hii, akikagua nukta za herufi asizozijua, asikose hata moja, kwa kuwa kaka yake alimwomba. Aliwaza buti zilizopakwa mafuta Barawa. Moyo wake ulijaa kitu alichokosa pa kukiweka. Alihisi kama aliyeingia chumba chenye watu wengi waliokuwa wakimngoja wamenyamaza.

Ami Msabaha alijifuta uso, akajipaka udongo. "Kwa hivyo wewe," alimwambia Wendell, "bibi yako wa zamani ni dada wa babu yetu."

"Ndiyo, Ami."

"Basi mimi nimekaa asubuhi nzima nikimkatalia ndugu yangu." Alitikisa kichwa. "Wallahi. Kule kwetu binamu akiposa, hata kahawa haipoi. Mama, sasa nimjibu nini huyu?"

Bibi aliinua kichwa. "Usimjibu," alisema. "Tumezungumza sana leo, mimi na wewe. Nimekataa kwa ajili ya mtu aliyekufa. Nikikubali sasa nitakuwa nimekubali kwa ajili yake yuleyule. Yupo mmoja hapa hatujamuuliza." Akamgeukia mjukuu wake. "Nasim. Mimi siozeshi jiwe. Achana na Okati, achana na macho. Mtu huyu, fundi wa milango ya uongo, unamtaka?"

Nasim alimtazama Wendell. Udongo ulikuwa umemkaa nyusini, koti la watu limeharibika, na macho yake ya kijivu yalikuwa mekundu kwa mwanga na machozi. Alikuwa na hofu. Mtu mrefu namna ile, na alikuwa na hofu ya neno moja.

Maisha yake yote Nasim alidhani neno hilo husemwa kwa kuinamisha kichwa. Akakiinua.

"Namtaka, Bibi."

Wendell alilielewa neno lile bila kutafsiriwa.

Ami Msabaha aliufunika uso kwa mikono yake yenye udongo, kisha akaifungua mbinguni, na wote wanne wakamsomea Meja Fatiha, Wendell akiifuata kwa Kiarabu chake cha kujikwaa, hadi Amin.

"Haya, nendeni garini," Bibi alisema walipomaliza. "Niacheni kidogo. Nina mazungumzo na babu yangu."

Walianza kushuka njia ya miti, Ami mbele, akijifanya anatafuta funguo. Wendell alinyoosha mkono nusu, akasita, na Nasim akaushika yeye mwenyewe. Hawakuwa wamefika mbali walipoisikia sauti ya Bi Batuli nyuma yao, ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyeketi mbele yake sebuleni. Alikuwa akimtajia ukoo wake. Ruweya, alisema, aliolewa, akazaa wanne. Akawataja wote wanne, na watoto wao, aliyekufa mdogo na aliyehiji, aliyekuwa na sauti nzuri, aliyekuwa mkorofi. Akajitaja yeye. Akamtaja Msabaha, na marehemu nduguye, polepole. Akamtaja Nasim.

Nasim alisimama njiani asikilize, na Wendell akasimama naye. Kulikuwa na kimya kidogo kule juu, chini ya mti mnene.

"Na Wendell," Bibi alisema.